Usimuulize bibi yako alizaliwa mwaka gani

Juzi dada mmoja wa Mbeya kaniandikia: "Pole na msiba. Wasifu wa bibi yako nimeusoma hadi mwisho, nimelia. Wa kwangu yupo hai lakini hajui hata alizaliwa lini. Nianzie wapi?"

Asante kwa pole, mdogo wangu. Umenifurahisha kuliko unavyodhani, maana siku ya mazishi wasifu ule haukusomwa hadi mwisho. Kamati iliukatakata ukabaki ule tunaoujua sote: marehemu alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa, alijaliwa watoto, wajukuu na vitukuu, aliugua, Bwana ametwaa. Muda hautoshi, niliambiwa. Muda wa kutaja rambirambi za kila tawi la ukoo ulitosha.

Sasa swali lako. Usimuulize mwaka. Muulize siku ile alikuwa amebeba nini.

Bibi yangu wa Kibosho, Kilimanjaro, alikuwa na mwaka wa kuzaliwa, 1942, aliopachikwa na karani aliyemtazama usoni wakati wa kuandikisha kadi, akakadiria, akaandika. Hakuna aliyeuhoji. Mimi nilianza kuuhoji siku niliyomkuta jikoni akimenya ndizi mshare za kupikia mtori. Amejipaka mafuta mikononi ili utomvu usimgande, kisu chenyewe kimelika hadi kimebaki ncha, na kila ganda likitoka analirusha dirishani upande wa banda bila hata kugeuza shingo. Huko nje unasikia ng'ombe anatafuna. Nikaona bora niulize wakati mikono ina kazi, kwa sababu bibi akikalishwa kwenye kiti na simu ikaelekezwa usoni, alikuwa anasali tu.

Nikamuuliza kama alimwona Mangi Mkuu, chifu wa Wachagga wote, siku anasimikwa.

"Marealle? Nilimwona, wajina, ila vibaya. Shangazi yako alikuwa mgongoni analia, watu wakanisukuma nyuma."

(Aliniita wajina kwa sababu mimi ndiye binti wa kwanza wa mwanawe, na kwetu jina la bibi mzaa baba ni langu kwa haki.)

Thomas Marealle alisimikwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga mwaka 1952. Piga hesabu. Kwa ile kadi, bibi alikuwa na miaka kumi, na mwanawe mgongoni!

Kuanzia hapo sikulala. Nikamuuliza juu ya ghasia za kahawa za 1937, wakulima walipoikasirikia KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, na majengo ya vyama yakavamiwa. Hazikumbuki mwenyewe, lakini mama yake alimsimulia kwamba wiki ile aliwazuia kaka zake wasitoke nje, na bibi tayari alikuwa anatembea, akimfuata mama yake hadi mfongoni, kwenye mfereji, kuchota maji. Nikamuuliza Uhuru. Sisi shuleni tuliimbishwa habari za Luteni Nyirenda kuupandisha mwenge kileleni Desemba 1961. Bibi aliyeishi chini ya mlima huohuo anasema hakuona kitu, usiku ule alikuwa bandani anazalisha ng'ombe, na yeye mwenyewe ana baba mdogo tumboni. Ushirika kufutwa mwaka 1976 anaukumbuka kwa babu kurudi nyumbani kimya na kukataa pombe ya mbege. Miaka ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano, na foleni za sabuni anaikumbuka kwa sababu alishona sketi yangu ya kwanza kutoka kwenye kanga yake.

Ya kuhangaika na daftari la ubatizo parokiani nitayaruka, yalichosha. Ila nenda. Utapata majina ya wazazi na msimamizi wa ubatizo, na huyo msimamizi ana ukoo wake wenye kumbukumbu zake. Kwa jumla nilifika 1933 au 1934, na niko tayari kubishana na yeyote.

Msalabani wameandika 1942.

Niliongea, nikaonyesha karatasi, nikaambiwa kadi ndiyo inayotambulika na tusianze kuleta mambo mapya msibani. Mambo mapya! Mwanamke kanyimwa miaka minane au tisa ya umri wake, kisha anayeirudisha ndiye mkorofi. Bado inaniuma, sitaficha.

Na hapa ndugu zangu tuambiane ukweli. Historia ya kwetu imeandikwa kwa kahawa, na kahawa ilikuwa ya wanaume: risiti zao, vyama vyao, mikutano yao. Ndizi zilikuwa za akina mama, na ndizi hazina risiti. Nani aliandika mama fulani alishuka tambarare mara ngapi kukata majani ya ng'ombe, akapanda na mzigo kichwani, akapika, akaenda sokoni? Ndiyo maana wasifu wao wote unafanana, "alikuwa mkarimu na mcha Mungu". Babu yangu naye alikuwa mkarimu, lakini wake ulijaa kurasa.

Kwa hiyo mdogo wangu, nenda likizo hii. Kaa jikoni. Muulize alikuwa amebeba nini, mtoto gani alikuwa tumboni, ng'ombe gani alikuwa bandani. Mrekodi kwa lugha yake ya nyumbani, Kiswahili kitakuja baadaye. Bibi yangu akisimulia kwa Kiswahili alikuwa mpole, kwa Kichagga alikuwa anatukana vizuri sana. Waulize wake wenzake na majirani aliochota nao maji, hao wanajua yale ambayo watoto wake hawayajui. Na usisubiri augue.

Ukishamaliza, usiache rekodi kwenye simu moja. Mimi za kwangu nimewatumia binamu wote, na mwenyekiti wa ile kamati nimemtumia mara mbili.