Jibu: Debian haina mwenye mali, sasa nani anaamua?

Ndugu yangu wa Chumbageni, umeuliza kama Debian, mfumo endeshi wa kompyuta kama ilivyo Windows, haina kampuni inayoimiliki, nani anaamua mambo, na kama mnaweza kuiamini kwa kompyuta za kikundi chenu hapo Tanga.

Iwekeni. Ilianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na tangu 1998 ina katiba. Kila mwaka wanachama wa mradi wa Debian humchagua kiongozi. Kura yenyewe naipenda mno: huchagui jina moja, unawapanga wagombea kwa kadiri unavyowapendelea, na ipo nafasi ya "hakuna kati ya hawa". Asiyeishinda nafasi hiyo hapiti, hata akigombea peke yake.

Tena kiongozi huyo haamrishi. Katiba inasema hakuna anayelazimishwa kuifanyia kazi Debian. Wanachama wanaweza kutengua uamuzi wake kwa kura, hata kumwondoa. Ubishi wa kiufundi ukikwama, ipo kamati ya kuuamua.

Kura ni ya waliopokelewa tu, na kupokelewa huchukua muda. Ila si lazima uwe mwandishi wa programu. Hata mfasiri hupewa uanachama. Vijana wenu waanze na tafsiri ya Kiswahili, maana huko watu wanahitajika.