Ndoo moja ya asali na vijana wanne waliokaa kimya

SWALI: Nina karakana ndogo ya kufungasha asali hapa Tabora mjini. Niliajiri vijana wanne. Mwanzo walijituma sana. Kijana akiona kifuniko kinavuja anakuja mbio kuniambia. Mwezi wa tatu ndoo moja ikamwagika stoo. Aliyemwaga hakujitokeza, nikawakata wote mshahara sawasawa. Tangu hapo wanafanya nilichoagiza tu, makosa nayagundua mwenyewe. Mshahara nalipa kwa wakati. Nimekosea wapi?

JIBU: Dada yangu, kosa ni siku ile ya ndoo. Mfanyakazi mpya hajakuzoea, hana jingine la kukupimia, kwa hiyo tukio la kwanza analishika kuliko mkataba aliousaini. Vijana watatu waliona kwamba kutokuwa na hatia hakumwokoi mtu kwako. Wa nne aliona kwamba kunyamaza kumempunguzia deni likabaki robo. Na kule kuja mbio na kifuniko hakumo kwenye mkataba wowote. Mtu hufanya hivyo kwa hiari, akiamini hakutamgeukia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, hairuhusu kukata mshahara kwa ajili ya hasara mpaka iwe imetokana na kosa la mhusika mwenyewe, amepewa maelezo kwa maandishi na nafasi ya kuyapinga. Tena makato yasizidi robo ya mshahara wake. Kuwa kwenye majaribio hakumwondolei kinga hiyo.

Maelezo yana uzito kuliko tunavyodhani. Mwaka 1990 Jerald Greenberg alichapisha utafiti wa viwanda vya Marekani vilivyopunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa wiki 10. Pale wafanyakazi walipoelezwa sababu kwa kina na kwa utu, wizi haukuongezeka sana kama pale walipotupiwa maneno mawili matatu. Makato yalikuwa yaleyale.

Rudisha hela zao, zote. Waite, sema wazi: "Niliwakata bila kuwasikiliza." Usiulize tena nani alimwaga, utaharibu. Kisha weka daftari la stoo: ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina kilo 28 hivi, ipimwe, anayekabidhi na anayepokea wasaini wote wawili. Hapo hasara itakuwa na mwenyewe, na asiyehusika atalala usingizi.

Usitarajie wabadilike wiki hiyohiyo. Watakujaribu kwa kitu kidogo kwanza, pengine chupa iliyopasuka. Kijana akikuletea habari hiyo, muulize ilipasukaje kabla hujataja bei.