Manjano, dawa za maumivu na mgonjwa wa saratani

Ukiuguza mtu wa saratani huku Pemba, jiandae: kila anayekuja kumtazama huja na dawa yake. Shangazi yangu alipoanza matibabu ya saratani ya utumbo mpana tuliletewa habasoda, asali, na manjano ya kila namna, mabichi, ya unga, hata ya vidonge. Kisha kijana mmoja wa ukoo akaja na habari kwenye simu: manjano yakichanganywa na dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe yanaua saratani.

Habari ile si ya uongo, ila nusu yake imeachwa. Mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo kwamba kurkumini, inayoyapa manjano rangi yake, ikiwekwa pamoja na selekoksibu, ndiyo hiyo dawa ya uvimbe, ilizuia seli za saratani ya utumbo mpana kukua zaidi kuliko kila moja peke yake. Seli nyingi za saratani hiyo hutengeneza kwa wingi kimeng'enya cha COX-2, kinachochochea uvimbe na kuzisaidia kuongezeka. Kurkumini hupunguza utengenezaji wake, selekoksibu hukizuia kisifanye kazi. Lakini zile zilikuwa seli za maabara. Mtu humeza, na kurkumini ikimezwa ni chache sana inayofika kwenye damu.

Hapo watu hukimbilia pilipili manga. Kweli, piperini, kiini cha ukali wake, huiongeza kurkumini katika damu, lakini yaweza pia kubadilisha viwango vya dawa nyengine za mgonjwa. Hilo ndilo lililonitisha. Na hizi dawa za maumivu na uvimbe, ibuprofeni na diklofenaki, tunazonunua dukani kama pipi huchubua tumbo, huelemea figo, na damu huchelewa kuganda. Dawa za saratani nazo mara nyingi hupunguza chembe za kugandisha damu.

Manjano ya mchuzini msiyaondoe, mchuzi wa samaki hauna neno. Vidonge na unga wa kunywa kwa vijiko ndivyo vya kuuliza kwanza. Sisi tulitia kila alicholetewa kwenye mkoba, pamoja na dawa za maumivu, akavuka navyo hadi Dar kwa dakta wake. Hakugombezwa. Aliambiwa asitumie vidonge vya manjano mpaka matibabu yaishe.

Zawadi usikatae, utamvunja mtu moyo. Pokea, shukuru, weka kabatini. Akiuliza kama mgonjwa ameshakunywa, mwambie dakta kasema tusubiri. Ila wengi wakifika kwa dakta hunyamaza, hawamwambii walicholetewa.