Msaidizi rika na anayeanza kusikia sauti: uliza wazi, andikeni mpango, usilinde peke yako

Kijana ameacha kulala. Anasikia jina lake likiitwa uani na hakuna mtu. Redio ikitaja mtaa wao, anahisi inamsema yeye. Lakini bado anajiuliza: "Hivi ni kweli, au ni kichwa changu?" Huyo hajaingia kwenye saikosisi, yaani hali ya kushindwa kabisa kutofautisha kilicho kweli na kilicho kichwani, yuko mlangoni, na wengi wanaofika hapo hawaingii ndani. Kinachosahaulika ni kwamba hatari ya kujiua haingoji ugonjwa ukomae. Zaidi ya nusu ya walio katika hali hii wamewahi kufikiria kujiua, na si kwa sababu ya sauti tu: kuna aibu, kuna masomo yaliyokatika, na kuna ile hofu ya kuona akili inakutoka huku unajua kabisa kwamba inakutoka.

Msaidizi rika ni mtu aliyepita njia hiyo na sasa ametulia kiasi cha kumshika mwenzake mkono. Hospitali ya Butabika, Kampala, imekuwa na wasaidizi wa aina hii, na Dar es Salaam na Kampala zilikuwa miongoni mwa miji ya utafiti wa kimataifa wa UPSIDES uliopima huduma hiyo. Msaidizi rika si daktari, wala si mlinzi. Nguvu yake ni kwamba akisema "najua", anaaminika.

Anza na mahali pa kukaa. Usimhoji sebuleni huku mama mtu anasikiliza nyuma ya pazia. Tembeeni, au kaeni benchi moja mkitazama upande mmoja. Mtu mwenye shaka huchoka upesi akikodolewa macho. Dakika arobaini zinatosha. Simu iweke mfukoni. Ukiandika, aone unachoandika. Na usinong'one na ndugu zake getini wakati wa kuondoka. Kosa hilo dogo huua kazi ya wiki tatu, maana tayari anahisi watu wanapanga jambo dhidi yake.

Kabla hajafunguka, mwambie mpaka wa siri: "Mengi yatabaki kwetu. Ukiniambia uko karibu kujiua, nitamhusisha mtu mwingine, na nitakuambia kabla sijamhusisha." Wanaoahidi siri ya moja kwa moja huishia kuvunja ahadi siku mbaya kuliko zote.

Kisha uliza wazi. "Umewahi kufikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo, wengi hushusha pumzi kwa kuwa hatimaye kuna aliyethubutu. Swali baya ni "Huna mawazo mabaya, eti?" Hilo limeshajijibu, naye atakuitikia tu. Akisema ndiyo, endelea: ni leo, au zamani? Umefikiria utafanyaje? Hicho kitu kiko karibu nawe? Halafu yako maswali ambayo hata wahudumu wa afya huyaruka: sauti zinakuambia nini? Zinakuamuru ujidhuru? Ukizikatalia zinanyamaza, au zinazidi? Mwenye mpango wa leo, au anayesema hawezi tena kuikatalia sauti inayomwamuru, haachwi peke yake hata kwenda chooni na kurudi. Anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo, na wewe unakwenda naye hadi apokelewe.

Kuhusu anayoyaamini, usibishane wala usikubali. "Majirani wamenitegea kamera" haijibiwi kwa "acha ujinga", wala kwa "kweli, hata mimi nimeziona". Jibu hofu yenyewe: "Kuishi ukihisi unatazamwa kunachosha. Usiku unalala?" Usingizi ni mlango mzuri sana wa mazungumzo. Bangi nayo iulizwe bila mahubiri, maana huongeza sauti na shaka kwa watu hawa.

Siku akiwa ametulia, andikeni mpango wa usalama. Muundo unaotumika sana ni wa Wamarekani Barbara Stanley na Gregory Brown, na una sehemu sita: dalili zangu, ninachoweza kufanya mwenyewe, watu na mahali pa kunitoa mawazoni, wa kuwaomba msaada, wahudumu wa afya, na kupaweka mahali ninapoishi salama. Nusu ukurasa wa daftari unatosha, kwa mwandiko wake na maneno yake. "Kuongezeka kwa msongo" ni maneno ya kwenye semina. Yeye ataandika: "Nikianza kuzima taa saa moja jioni na kukataa ugali." Chini yake: "Naweka kaswida kwenye earphone, natembea hadi kwa kinyozi." Kwa kinyozi, si "mahali penye watu", kwa sababu siku ya kuchanganyikiwa mtu hawezi kutafsiri maneno ya jumla. Kila jina liwe na namba ya simu, na kila mwenye jina awe ameshaulizwa akakubali. Mipango mingi hufia hapo: usiku wa manane anampigia mjomba ambaye hajui kabisa kwamba yumo kwenye orodha.

Sehemu ya sita ndiyo huandikwa haraka kuliko zote, na ndiyo inayookoa. Dawa za shamba zitoke nyumbani ziende kwa jirani au kwenye stoo yenye kufuli, ufunguo ukae kwa mtu mwingine. Vidonge visikae vya mwezi mzima chumbani kwake. Omba kliniki itoe vya wiki, au dada yake awe anampa. Mawazo haya huja kama wimbi, na saa moja ya kuchelewa kukipata kitu inaweza kulipitisha.

Ratiba ya kumfuatilia iwe ya kweli. Mpigie ndani ya saa ishirini na nne baada ya mazungumzo mazito. Akiwa ametoka wodini, wiki ya kwanza ndiyo ya kuogopa, na miezi mitatu inayofuata bado ni ya tahadhari, hata kama kila mtu nyumbani anasema "sasa amepona". Utulivu unapomrudia ndipo anapohesabu alichopoteza. Kubalianeni mapema: asipopokea mara mbili, nampigia nani?

Familia ikimpeleka kwa shehe, mchungaji au mganga, usigombane nao. Omba mambo machache tu: asinyimwe chakula wala usingizi, asifungwe kamba, asiachishwe dawa.

Wengine huogopa kusema hospitalini kwa sababu ya polisi. Tanzania, Kanuni ya Adhabu inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya, Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Mweleze kijana kwamba sheria hizo zinazungumzia jaribio, hazizungumzii mawazo. Kwa msaada wa simu, Kenya kuna namba 1199 ya Msalaba Mwekundu, hupigwa bure. Uingereza ni 116 123, Marekani 988. Kwingine, nendeni hospitali yenye kitengo cha afya ya akili, kama Muhimbili, Mirembe au Butabika.

Na wewe msaidizi, uwe na mpango wako pia, nusu ukurasa uleule, nakala moja akae nayo msimamizi wako. Usibebe watu watatu walio hatarini kwa wakati mmoja. Weka saa za simu, na mwambie mwenzako nani anapokea ukiwa umelala. Sauti zako za zamani zikianza kurudi baada ya kumsikiliza mtu, mkabidhi mwingine siku hiyo, tena mbele yake, kwa jina: "Kesho atakupigia Amina, namba yake hii hapa, nimeshaongea naye."