Mleta mada, hiyo laki tisa usiiguse

Nimesoma uzi wako mpaka mstari wa mwisho nikaweka kikombe chini. Umefuta Instagram na TikTok wiki iliyopita, Jumapili hujui uende wapi, usingizi unagoma, WhatsApp hujui uiache au ubaki nayo, marafiki wanasema unaringa. Sawa, yanazungumzika. Halafu kule mwishoni umechomekea, kama mtu anayeaga, kwamba kesho kutwa unachukua 900,000 kikoba ununue baiskeli ya milima na hema "uanze maisha mapya".

Simama hapo hapo. Salamu tutapeana baadaye.

Hapo ulipo nimeshapita, tena peku. Niko Tanga. Nilipozima mitandao, siku tatu za kwanza kidole gumba kilikuwa kinapapasa kioo chenyewe, kinatafuta kitu ambacho hakipo. Ndipo jamaa mmoja anayejiita mshauri wa maisha akanidaka. Semina ya jioni mbili, 50,000, na anaifundisha kwenye simu hiyo hiyo anayotuambia tuiweke chini. Hilo peke yake lilitosha kunishtua, ila nilikuwa nimeshalipa. Akasema akili haitulii mpaka uipe mazingira mapya. Mazingira yakawa na orodha ya vifaa, orodha ikawa na duka, na duka, nilikuja kujua baadaye sana, ni la shemeji yake. Akaniuliza napenda nini. Nikajibu bahari. Laiti ningesema napenda kulala.

Basi soma hesabu, na ucheke kwa sauti ndogo. Fimbo ya kuvulia na gurudumu lake, 380,000. Sanduku la chambo bandia, 95,000. Koti la kujiokolea, 70,000. Kiti cha kukunja, 60,000. Viatu vya mpira 45,000, kofia 25,000. Jumla 675,000, semina bado. Laki sita kati ya hizo nilikopa kikoba, kurudisha 660,000, na wenzangu niliwaambia ni za tofali.

Jumapili ya kwanza nikashuka ufukweni Raskazone nimevaa kama mtu anayekwenda kuokoa meli. Akaja mtoto, darasa la nne hivi, miguu mitupu. Mkononi ana chupa ya maji iliyozungushiwa mshipi, chubwi lake, kile kizito cha kuzamisha ndoana, ni plagi mbovu ya bodaboda. Akaiangalia fimbo yangu kuanzia kwenye mkono hadi nchani.

"Shikamoo mjomba. Hiyo ya papa?"

Nikasema marahaba, la papa nikalinyamazia. Akakata kipande cha ngisi kwa meno, akakichomeka kwenye ndoana, akazungusha plagi juu ya kichwa mara mbili, akaachia. Mshipi akaulaza kwenye kidole cha shahada, akawa anapiga soga na mimi huku masikio yake yote yako kwenye kile kidole. Akavuta samaki, changu. Changu mwingine. Mimi nina chambo za rangi tano zinazometa kama hereni za harusini, na nilichonasa ni mwani. Anaondoka ana samaki sita, kawatunga kwenye ukuti. Akanionea huruma: "Mjomba, maji yanakupwa hayo. Njoo yakianza kujaa."

Jumapili tatu zikaenda hivyo. Na hapo bado sijafika kwenye hasara yenyewe.

Kitu cha bei hakikubali kukaa kimya, ndugu yangu. Ukishamwaga hela ndefu kwenye starehe, moyo unadai risiti, na risiti yake ni watu waone. Siku ya 19 nikairudisha Instagram, "mara moja tu", niweke picha moja ya fimbo na bahari nyuma. Samaki hakuna, ila picha kali. Wakapenda watu 200 na ushee. "Bosi." "Kaka umetoboa." Saa nane ya usiku niko kitandani bado nahesabu, bando la wiki limekata, nimekopa jingine. Mke wangu akageuka, akanitazama kwenye ule mwanga wa kioo.

"Baba watoto, leo wanakula?"

Nilikaa tena mtandaoni miezi saba. Yule mshauri akaichukua picha yangu akaitangazia semina yake. Sikulipwa hata soda.

Kwa hiyo nina sheria moja na siibadilishi: siku 40 za mwanzo hununui kitu chochote cha starehe. Hata kofia. Unakwenda pale ambapo watu wanalifanya jambo lao siku zote, unakaa, unaangalia, ukipewa nafasi unajaribu kwa chombo chao. Kwa nini 40? Kwetu mzazi anahesabiwa arobaini, na mimi nilikuwa najizaa upya. Mnicheke tu.

Nilipozima mitandao mara ya pili nilifuata hivyo. Mshipi 2,000, ndoana tano 1,000, plagi nimepewa bure na fundi. Mwalimu ni yule yule mtoto. Nimejua bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, katikati yake ni maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, na kila siku maji yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Miaka minane naishi mji huu nilikuwa sijui, nilikuwa najua nani kaachana na nani. Siku hizi jioni nikitoka nje natazama mwezi kwanza.

Jioni nyingine naenda Ngamiani kwa wazee wa bao. Kahawa chungu, kashata, kete 64 mezani. Unaanza na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja, na ukiinua macho kidogo kusoma ujumbe umeshapoteza hesabu, mzee kakula mpaka nyumba, lile shimo lako kuu. Bado nafungwa. Wananiita "bwana papa", sijui nani kawaambia.

Fimbo? Mke wangu anatolea tandabui, msimu wa maembe tunaangulia. Kiti nimekikalia hapa ninapoandika, hicho nakitetea mpaka mwisho.

Baiskeli azima ya jirani Jumapili moja, uone kama makalio yanakubali. Mweka hazina wa kikoba mpigie leo usiku akufute kwenye orodha. Na kama umeshatoa advansi dukani, kesho uwe mlangoni kabla hawajafungua. Mimi niliporudisha fimbo walininyooshea kidole ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kibao kilikuwapo hata siku ninanunua. Sikukiona, nilikuwa naipiga fimbo picha.