Misikiti ya Kale ya Cairo: Maswali na Majibu

Barua zilizotufikia hivi karibuni kutoka Kondoa, Mpwapwa na Dodoma mjini zinauliza kuhusu kuzuru misikiti na majengo ya kihistoria ya Cairo. Tumechagua maswali matano.

Kijana wangu anasoma Azhar, chuo kikuu cha Kiislamu cha Cairo, nami nitakwenda kumtembelea mwezi wa Januari. Nitapata siku mbili tu za kutembea. Nianzie wapi? (Mama, Kondoa)

Mama yangu, hongera kwa kumlea kijana hadi akafika hapo. Siku mbili ni chache kwa mji ambao sehemu yake ya kale iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979 kwa sababu ya wingi wa misikiti, madrasa na malango yake. Kwa hiyo usijaribu kuona yote. Wageni wengi hupelekwa kwanza Ngomeni, yaani ngome ya kale ya Cairo, kwenye Msikiti wa Muhammad Ali, ambao ni mzuri kwa hakika, lakini ulijengwa kati ya mwaka 1830 na 1848 na hauwezi kukueleza mji ulivyoanza. Mimi ningeuacha uwe wa mwisho.

Siku ya kwanza fuata umri. Anza na Msikiti wa Amr bin al-As huko Fustat, mji wa kwanza wa Waislamu Misri ambao sasa ni sehemu ya Cairo, ulioasisiwa mwaka 642 baada ya Waislamu kuingia Misri. Jengo unaloliona leo limejengwa upya na kupanuliwa mara nyingi, kwa hiyo heshima yake iko katika mahali penyewe zaidi kuliko katika mawe yake. Hapo ndipo alipofundisha Imamu Shafii, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayoyafuata wengi wetu kuanzia pwani hadi Kondoa. Alifariki Misri mwaka 820, na kaburi lake liko kusini mwa mji wa kale, chini ya kuba kubwa iliyojengwa mwaka 1211, yenye chombo chenye umbo la mashua juu ya kilele chake. Chukueni teksi mwende mkamzuru, kwani kwa Mshafii wa Kondoa sioni sehemu ya Cairo inayostahili kutangulizwa kuliko hiyo.

Alasiri nenda Msikiti wa Ibn Tulun, uliojengwa kati ya mwaka 876 na 879. Huu ndio msikiti wa zamani zaidi wa Cairo ambao umebaki karibu na umbo lake la mwanzo. Umejengwa kwa tofali za kuchoma na kupigwa plasta iliyochongwa nakshi, nao una ua mpana ulio wazi na mnara ambao ngazi zake huzunguka kwa nje. Kaa chini kwenye baraza, usiharakishe. Siku ya pili mwachie kijana akuongoze Azhar, msikiti ulioanza kujengwa na Wafatimi, ukoo wa makhalifa wa Kishia waliotawala Misri, mwaka 970 na kufunguliwa kwa swala mwaka 972.

Mimi ni Mkristo. Je, naruhusiwa kuingia misikitini, na nivae nini? (Msomaji wa Mpwapwa)

Unaruhusiwa katika misikiti mingi ya kihistoria, ikiwemo Azhar, Ibn Tulun na Sultan Hassan, mradi usiingie wakati wa swala. Msikiti wa Hussein, ulio karibu na Azhar, kwa desturi huachiwa Waislamu, nawe usione uzito kuupita. Ijumaa mchana acha kabisa ziara za misikiti, kwa maana ndio wakati wa swala ya jamaa na khutba, na nafasi ni ya waumini.

Kuhusu mavazi, mwanamume avae suruali ndefu, na mwanamke avae nguo inayofunika mikono na miguu, kisha ajitande mtandio kichwani. Kanga mbili ulizo nazo nyumbani zinatosha. Viatu huvuliwa mlangoni, kwa hiyo beba mfuko wa kuviwekea. Usipite mbele ya mtu anayeswali. Jirani kabisa na Msikiti wa Amr kuna makanisa ya kale ya Wakopti, yaani Wakristo wa asili wa Misri, likiwemo lile liitwalo Kanisa Linaloning'inia, nalo litakufaa sana kulitembelea siku hiyohiyo.

Nimeona picha ya msikiti wa Cairo ambao ukuta wake wa mbele umepinda ukilinganisha na vyumba vya ndani. Je, mafundi walikosea vipimo? (Fundi ujenzi, Chang'ombe, Dodoma)

Ndugu fundi, hawakukosea hata kidogo, na nimefurahi kwamba swali hili limetoka kwa mtu anayeshika pima maji. Bila shaka umeona Msikiti wa al-Aqmar wa mwaka 1125. Sisi wa Dodoma tukisimama kuswali huelekea karibu kaskazini kamili, lakini kwa mtu wa Cairo Makka iko kusini mashariki. Mtaa mkuu wa Wafatimi, ambao leo huitwa mtaa wa al-Muizz, haukufuata mwelekeo huo, na majengo yalikuwa yamekwisha kuupanga pande zote mbili. Mjenzi alitakiwa kuheshimu mambo mawili yasiyopatana: kibla ndani, na mtaa nje.

Alichofanya ni kuunyoosha ukuta wa mbele sambamba na mtaa, akaugeuza ukumbi wa ndani kuelekea kibla, kisha pengo lililobaki kati ya mistari hiyo miwili akalijaza kwa ukuta ambao unene wake huongezeka kidogo kidogo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukipita nje huoni kasoro yoyote. Ukisimama ndani, safu za swala zimenyooka. Al-Aqmar ndio msikiti wa kwanza Cairo unaojulikana kufanya hivyo, na wajenzi wa karne zilizofuata waliendeleza ustadi huo. Katika Sultan Hassan, ulioanza kujengwa mwaka 1356, utaingia kwa mlango mrefu ajabu, kisha njia itapinda gizani kabla ya kukufikisha kwenye ua wenye mwanga.

Vipi kuhusu kupiga picha na kutoa bakshishi? (Msomaji wa Dodoma mjini)

Omba ruhusa kwanza, na usimpige picha mtu anayeswali. Sultan Hassan na Ngomeni huingiwa kwa tiketi. Kwingineko, mtunza viatu au mlinzi anayekufungulia mnara hutarajia kitu kidogo, kwa hiyo weka noti ndogo za pauni ya Misri mfukoni.

Wanafunzi wangu hawawezi kufika Misri. Je, nchini kwetu kuna nini cha kuwaonyesha? (Mwalimu, Dodoma)

Mwalimu, ikiwa ni misikiti ya kale, lengeni Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambao sehemu yake ya zamani zaidi ni ya karne ya 11. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri kutoka Morocco aliyepita Cairo mwaka 1326, alifika Kilwa mwaka 1331, na safari yake inaweza kuwa somo zuri la jiografia na historia kwa pamoja.

Kwa safari ya siku moja kutoka Dodoma, nendeni Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa kando ya barabara ya Babati, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wenyeji bado hufanya matambiko katika baadhi ya mapango hayo, kwa hiyo adabu niliyomweleza msomaji wa Mpwapwa inahitajika huko pia: wanafunzi wasiguse michoro, wasimwage maji juu yake ili ionekane vizuri pichani, na wasichukue chochote kilichowekwa pale na wazee. Pitieni kwanza ofisi ya mambo ya kale iliyopo Kolo mpewe mwongozaji, na vaeni viatu vya kupandia mlima.