Kabila liulizwe kwenye sensa, lisiulizwe kwenye dirisha la vitambulisho

Mhariri,

Juma lililopita mliwauliza wasomaji: "Je, katika nchi yenye watu wa asili nyingi, serikali iendelee kumwuliza raia kabila lake?" Jibu langu ni kwamba iendelee kuuliza katika sensa, ambako jibu la mtu huchanganywa na majibu ya mamilioni wengine na jina lake likaachwa nyuma, na ikome kabisa kuuliza pale raia anapokwenda kuomba kitambulisho. Natarajia kwamba wengi watakaowaandikia watachagua upande mmoja, ama kabila lifutwe kila mahali kwa ajili ya umoja, ama libaki kila mahali kwa kuwa mtu hawezi kukana alikotoka. Wote hao wanalitazama swali lenyewe, wakasahau kutazama kile ambacho muulizaji amekishika mkononi akisubiri kujibiwa.

Nianze na Unguja na Pemba. Katika sensa za 1924, 1931 na 1948, serikali ya kikoloni iliwataka wakazi wataje asili yao, na kati ya sensa ya kwanza na ya mwisho idadi ya waliojiita Waswahili ilianguka hadi ikakaribia kwisha, huku hesabu ya Waarabu na ya Washirazi, yaani wanaojinasibisha na Shirazi ya Uajemi, ikipanda, ilhali hakukuwa na maradhi yaliyowafagia hao wala majahazi yaliyowaleta hawa. Watu walikuwa wale wale, wakabadilisha majibu. Asili iliyoandikwa na karani ilikuwa na uzito katika maisha ya kila siku, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgawo wa chakula uliifuata, mchele ukitengewa Waasia na Waarabu, naye Mwafrika akielekezwa kwenye mahindi. Mama aliyezoea kuwapikia wanawe wali hakuhitaji somo la historia ili aone faida ya kuwa na babu aliyetoka Shirazi. Sidai kwamba Ushirazi ulizuliwa kwa ajili ya mchele, kwa maana masimulizi ya nasaba hiyo ni ya kale kuliko utawala wa Waingereza na yamesimuliwa mwambao wote hadi Kilwa. Ninachosema ni kwamba ofisi iliwakuta watu ambao kila mmoja alikuwa na nasaba mbili tatu, akiitaja hii harusini na ile shambani bila kuona aibu, ikawalazimisha wachague moja, kisha ikaweka malipo juu ya chaguo hilo. Vyama vya siasa vilipoanza kugombea kura katika miaka ya 1950, vilikuta mafungu yameshapangwa. Hata jina la Afro-Shirazi Party, chama kilichoundwa 1957, lilikuwa jaribio la kuunga mafungu mawili ambayo watu wake walikuwa wakioana na kuzikana siku zote. Yaliyofuata Januari 1964 yanajulikana, na sina haja ya kuyarudia.

Mombasa hatukuwa na hali tofauti sana. Watu wa Tisa Taifa na Thalatha Taifa, yale mafungu mawili ya Waswahili wa Mombasa, wenye mji kwa makubaliano ya wote, waliwekwa na serikali ya kikoloni katika fungu la wenyeji waliotakiwa kulipa kodi na kukaa chini, ilhali Waarabu, ambao wengi walikuwa wakwe na wajomba zao, walipewa daraja jingine. Wazee wakaingia katika mabishano ya miaka mingi na serikali kuthibitisha kwamba wao si wenyeji wa namna hiyo. Ukiyafikiria mabishano hayo leo unaweza kuwalaumu kwa kuwakimbia Waafrika wenzao. Mimi naona lawama inamwangukia kwanza aliyeifanya nasaba kuwa stakabadhi ya kodi.

Rwanda nitaigusa kwa ufupi kwa kuwa kila msomaji ameshaitaja moyoni. Wabelgiji walianza kuandika Mhutu, Mtutsi au Mtwa kwenye vitambulisho mwanzoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1994 kadi hizo hizo ndizo zilizodaiwa kwenye vizuizi vya barabarani. Wengi huitumia Rwanda kuthibitisha kwamba neno la kabila lisitamkwe kamwe, lakini Burundi, yenye watu wa makundi yale yale na iliyomwaga damu mara kadhaa, ilichukua njia ya kinyume: katiba yake ya 2005 ilitaja wazi kwamba serikali na Bunge vigawanywe asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi, na Watwa wakatengewa viti vyao. Burundi ina matatizo mengi, lakini siwezi kusema kwamba yanatokana na kuhesabu huko.

Kisa ninachokijua kwa karibu zaidi ni cha Wamakonde wa hapa Kwale. Hawa ni watu waliotoka Msumbiji, wengi wao kabla ya uhuru, wakaja kukata mkonge na miwa katika mashamba ya wakoloni, na wengine wakaishi kwa kuchonga vinyago vya mpingo ambavyo watalii wa Diani waliviona kuwa sanaa ya Kenya. Walizaa, wakazika, na wajukuu wao wakazungumza Kidigo kama Wadigo, lakini hawakupewa vitambulisho vya uraia. Asiye na kitambulisho nchini Kenya hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti ya benki, haandikishi shamba, hapigi kura, na anapokutana na askari jioni hujikomboa kwa kilichomo mfukoni. Oktoba 2016 walichoka, wakatoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi, na ingawa polisi walijaribu kuwazuia njiani, walifika Ikulu wakaonana na Rais Uhuru Kenyatta, aliyeamuru waandikishwe. Mwanzoni mwa 2017 wakaanza kupokea kadi zao, na magazeti yakashangilia kuzaliwa kwa "kabila la 43".

Nami nilifurahi, lakini kichwa hicho cha habari kilinikera na bado kinanikera. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 ilikuwa tayari imeweka mlango kwa mtu asiye na uraia wa nchi yoyote ambaye amekaa Kenya mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963, na mlango huo haukumtaka awe na kabila. Ulimtaka awe amekaa. Kilichowafungia Wamakonde nje ni mazoea ya ofisi, ambako uraia hutafutwa kwa kuangalia kama jina la kabila lako limo katika orodha, na kama halimo basi wewe ni mgeni hata kama bibi yako alizaliwa Msambweni. Dawa iliyotolewa ikawa kuongeza jina kwenye orodha badala ya kuiondoa orodha. Miezi michache baadaye, Julai 2017, Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kuwa kabila la 44, na hapo kichekesho kikakamilika, maana Bohora, Mgoa, Mpunjabi na Ismailia wa Mombasa, ambao hawasali pamoja wala hawapiki kwa namna moja, waliamka asubuhi wakiwa ndugu wa kabila moja kwa tangazo la serikali. Wameshafuata Washona wa Kiambu na Wapemba wa Kilifi, na wote walistahili uraia wao miaka mingi kabla.

Hali ni nzito hata kwa waliomo kwenye orodha. Nimewahi kumsindikiza kijana wa jirani yangu, ambaye babu yake mzaa baba alikuwa Mshihiri, yaani Mwarabu wa Hadhramaut, na wengine wote ni Waswahili wa Vanga, kwenda kupigwa msasa, yaani kuhojiwa na kamati ya wazee kama ni raia kweli, katika ofisi moja ya usajili. Kijana wa Kidigo aliyekuwa mbele yetu aliwasilisha nakala ya kipande, yaani kitambulisho, cha baba yake na cheti cha kuzaliwa, akachukuliwa alama za vidole, akaondoka. Wetu alikuwa na bahasha ya kaki yenye hati ya nyumba, kipande cha zamani cha babu yake kilichopasuka kwenye mkunjo, na barua ya chifu, na bado wazee wa kamati wakamwuliza babu huyo alizikwa makaburi gani na nani alishuhudia. Kijana alijibu kwa adabu, "Makaburi ya Vanga, mzee wangu, na wewe mwenyewe ulikuwepo." Wazee wawili walicheka, lakini tukaambiwa turudi na mashahidi. Kilichoniudhi ni kwamba sheria ya usajili wa watu inataka kuandikwa kabila au asili ambayo mtu ameitaja mwenyewe. Haimpi mzee yeyote mamlaka ya kupima kama kutajwa huko kunatosha. Wanubi wa Kibera, ambao babu zao waliletwa na Waingereza wakiwa askari, waliishi na msasa huo kwa vizazi, hadi Machi 2011 kamati ya Afrika inayosimamia haki za mtoto ikaamua kwamba Kenya imezikiuka haki za watoto wao. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuondolewa kwa msasa kwa wakazi wa kaunti za mpakani. Tangazo ni jema, ila swali la kabila likibaki kwenye fomu, atapatikana karani wa kulitumia.

Kwa nini basi nisitake lifutwe hata kwenye sensa? Kwa sababu asiyehesabiwa huonewa kimyakimya. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, na hakuna namna ya kujua kama imevunjwa bila kuhesabu. Ndugu zetu wa Tanzania waliacha kuuliza kabila baada ya sensa ya 1967, na siasa yao imenufaika kwa kiasi ambacho sisi Wakenya tunakionea wivu kila baada ya miaka mitano. Hata hivyo wapo wadogo kama Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, ambao ardhi yao imemegwa na wakulima na wafugaji kwa miaka mingi, na ambao hasara yao haionekani katika jedwali lolote la sensa. Walichopata mwaka 2011, yaani hati ya kimila ya kumiliki ardhi kwa pamoja, walikipata kwa kuonyesha wanavyoitumia ardhi hiyo, na nakiri kwamba njia hiyo ni safi kuliko kuingizwa kwenye orodha ya makabila.

Atakayenipinga atanikumbusha kwamba sensa nayo hugawa kitu, na kwamba mwaka 2010 waziri alifuta matokeo ya wilaya 8 za Kaskazini Mashariki na Turkana kwa madai kwamba hesabu imepanda kupita kiasi. Ni kweli, lakini kilichogombaniwa pale kilikuwa idadi ya vichwa, kwa kuwa fedha na majimbo ya uchaguzi hufuata vichwa. Ubishi wa namna hiyo hautulizwi na kufuta safu ya kabila.

Ningependa safu hiyo ibadilishwe katika jambo moja. Mtoto wa baba Mkamba na mama Mdigo, ambao huku kwetu ni wengi, huandikwa Mkamba bila kuulizwa, na yule anayelelewa na bibi yake Msambweni, asiyejua neno la Kikamba, huongeza idadi ya Wakamba kwenye jedwali. Katika sensa ya 2009 zaidi ya watu laki sita walikataa mafungu yote wakajibu kwamba wao ni Wakenya tu, na makarani wakaandika hivyo, kwa hiyo inajulikana kwamba fomu inaweza kupokea jibu lisilotarajiwa. Iweke nafasi ya majina mawili, na nafasi ya tatu kwa asiyetaka kutaja lolote, na mtu mzima ajijibie mwenyewe badala ya mwenye nyumba kumjibia.

Msomaji wenu,
Ukunda, Kwale